Pima pikapu kwanza, hema baadaye
Kabla hujachagua hema la juu ya paa, kenopi (kifuniko cha bodi ya nyuma) au kibanda kizima cha kulala cha kupachika kwenye pikapu ndogo, ipeleke kwenye mizani ikiwa na tangi la mafuta lililojaa na watu wote wa safari wakiwa ndani. Soma uzito wa juu kabisa kwenye kibati cha mtengenezaji, toa huo uliopimwa. Kinachobaki ndicho chako, na humo uingize friji, jiko, mtungi na maji; lita 60 za maji ni kilo 60, hazina punguzo. Unaambiwa gari linabeba kilo 800, kumbe abiria wanne na bampa la chuma wameshakula karibu nusu. Kikibaki kidogo, achana na kibanda: kenopi na godoro kwenye bodi vinatosha (na upepo hausumbui sana barabarani). Hesabu hii hukudanganya pale jumla iko sawa lakini mzigo umekaa nyuma ya ekseli (mhimili wa magurudumu) ya nyuma, mbele pakawa pepesi na usukani ukaelea. Kwa hiyo pima ekseli ya nyuma peke yake pia. Springi ngumu huinua tu makalio ya gari, kikomo cha kwenye kibati hakisogei. Kama paa la kenopi linaweza kubeba hema, hilo muulize aliyeitengeneza.