Kuuliza njia milimani Nepal: kidole kiwe cha mwenyeji
Ukifika njia panda katika milima ya Nepal, usinyooshe kidole na kuuliza kama njia ile ndiyo yenyewe, kwa kuwa mwenyeji asiyetaka kukuvunja moyo huenda akaitikia tu; badala yake, ukielekea mji wa Namche kwa mfano, sema kwa Kinepali «Dai, Namche jaane baato kun ho?», yaani «Kaka, njia ya kwenda Namche ni ipi?», kisha umwache yeye aelekeze. Kwa mwanamke, anza na «didi», dada. Katika jibu tega sikio usikie «ukaalo», kupanda, au «oraalo», kuteremka, ambayo kwa maoni yangu yanafaa kuliko kulia na kushoto. Mbinu hushindwa ukiuliza «Kati ghanta laagchha?», ni mwendo wa saa ngapi, maana utatajiwa saa za miguu yake, si yako.