SOMO: Dhabu aliyekamatwa jangwani, wiki zake za kwanza nyumbani

Nazungumzia dhabu wa Mali, mjusi mnene mwenye mkia wa miiba. Dume lake ni jeusi, na mgongo ni wa manjano. Hapa Marekani baadhi ya wanaouzwa madukani hawakuzaliwa kizuizini. Wamekamatwa Sahara wakasafirishwa, na usafirishaji huo unadai vibali, maana jamii nzima ya dhabu imo tangu 1977 kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea pori. Wanafika na kiu, wamekonda, na minyoo tele. Ukimpata aliyezalishwa na mfugaji, ongeza hela umchukue huyo. Kama wa jangwani tayari yuko kwako, twende.

1. Joto kwanza, chakula baadaye. Huyu anakula majani, na bila joto majani hayasagiki tumboni. Tangi lisipungue sentimita 120 kwa 60. Upande mmoja weka jiwe bapa chini ya taa, uso wake ufike nyuzi 50 hadi 55 za Selsiasi. Ndiyo, hamsini! Upande wa pili 27 hadi 30, na usiku zima taa zote. Pima jiwe lenyewe kwa kipimajoto cha kuelekeza kama bastola, kile cha mafundi wa AC. Cha kubandika kwenye kioo kinakupa joto la kioo tu.

2. Taa ya UVB (mionzi kama ile ya jua), ile tyubu ndefu. Usiipitishie kwenye kioo, kioo kinazuia mionzi. Kwa hiyo jua la dirishani nalo halimsaidii. Badilisha tyubu kila mwaka hata kama bado inawaka.

3. Maficho membamba. Panga mawe bapa yaliyoshikana imara, yasije yakamwangukia, na uache upenyo ambao mgongo wake unagusa juu. Kwao akiona hatari hujibana kwenye ufa, akajijaza hewa, mkia ukabaki mlangoni. Funika kioo pande tatu kwa karatasi na usimshike. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: mgeni ana siku tatu, tayari anapigwa picha begani.

4. Maji. Utaambiwa dhabu hanywi. Aliyezoea, sawa, majani yanamtosha. Aliyetoka safari anahitaji maji: weka kisahani kifupi asubuhi, kiondoe baada ya saa moja ili tangi lisipate unyevu.

5. Kinyesi kibichi kipeleke kwa daktari wa reptilia. Minyoo michache ni kawaida kwao, kwa hiyo usimpe dawa kwa kubahatisha. Mpime uzito kila wiki kwa mizani ya jikoni.

Chakula: sukuma wiki iliyokatwa ndogo ndogo, endive, majani ya dandelion, na kidogo dengu kavu au mawele. Nyunyizia unga wa kalsiamu. Spinachi achana nayo, inafunga kalsiamu.

MASWALI

Swali: Mkuu, wangu ana ukoko mweupe puani. Mafua?
Jibu: Ni chumvi. Ana tezi puani za kutolea chumvi iliyozidi mwilini. Ukiona kamasi zenye mapovu, au anahema mdomo wazi akiwa upande wa baridi, hapo daktari.

Swali: Siku ya tano hajala, na amekuwa mweusi tii.
Jibu: Rangi ikikolea hivyo, ama anatafuta joto ama ana hofu. Pima jiwe kabla ya kubadili chakula. Siku tano kwa mgeni si ajabu, ila uzito ukishuka wiki hadi wiki usingoje.

Swali: Nimwekee mwenzake asiboreke?
Jibu: Hapana, dada. Watagombania jiwe, na mnyonge atakufa njaa huku sahani imejaa.

Swali: Nikishindwa, nimwachie jangwa la Arizona? Si jangwa ni jangwa?
Jibu: La hasha, kaka. Vimelea alivyokuja navyo vitaingia kwa mijusi wa huko, na sheria itakukamata. Mtafutie kituo cha kuokoa reptilia, na umkabidhi pamoja na risiti ya duka na majibu ya maabara.