Somo: Kitambulisho chako na kituo cha kura, tukielekea uchaguzi mkuu wa Kenya, 10 Agosti 2027

Asalaam aleikum, na habari za jioni kwa wote. Somo hili niliwaahidi zamani, nikawa napiga chenga. Leo limetoka. Someni mpaka chini kabla ya kuuliza, maana nusu ya maswali yenu nimeshayajua.

Naanza na aibu yangu. Tarehe 8 Agosti 2017 nilipanga foleni tangu alfajiri, chupa ya chai ya tangawizi mkobani na mahamri mawili ndani ya gazeti. Saa mbili kasorobo nikafika mlangoni. Natia mkono kwenye pochi: kadi ya benki ipo, picha ya mwanangu ipo, kitambulisho hakipo. Hapo ndipo nilipokumbuka. Kiko kwenye droo ya bawabu wa jengo moja la mjini, nilikokiacha Ijumaa nikapewa kibeji cha mgeni, nikashuka kwa ngazi za nyuma na kibeji chao shingoni. Siku ya kura ni mapumziko, jengo limefungwa. Msimamizi wa kituo tulisoma naye madrasa moja. Akanivuta kando, akaniambia, "Kukujua nakujua, lakini mie siwezi kuwa kitambulisho chako." Nikarudi nyumbani nimekula mahamri yote mawili njiani.

Ndiyo maana somo hili nitalikalia zaidi kwenye mambo ya kabla ya siku yenyewe. Mlangoni pa kituo mambo ni mepesi. Kadi hupotea miezi kabla.

HATUA YA 1: Jua ulijiandikisha na nini

Sheria ya Uchaguzi ya 2011 inataka mambo mawili: jina lako na alama zako za vidole ziwe kwenye daftari la kituo hicho, na uje na hati ya kukutambulisha. Hati zenyewe ni mbili tu, kitambulisho cha taifa au pasipoti ya Kenya. Na Tume ya Uchaguzi (IEBC) inataka uje na ile ile uliyojiandikishia. Kama ulijiandikisha kwa kitambulisho, usije na pasipoti ukadhani ni kubwa zaidi kwa sababu imekufikisha Jeddah.

Visivyokubalika nivitaje, maana kila uchaguzi kuna mtu anarudishwa navyo: leseni ya gari, kadi ya kazi, kadi ya zamani ya bima ya afya ya NHIF, abstrakti ya polisi (ile hati ya kwamba umepotewa na kitu), kopi ya kitambulisho hata iwe imepigwa muhuri na wakili, picha ya kitambulisho kwenye simu, na ile karatasi ya kusubiria tunayoiita wetingi. Wetingi inasema tu kwamba umeomba kadi. Haisemi kwamba unayo.

Wazee wetu wengine bado wana kadi ya kura ya zamani, imefungwa kwenye nailoni pamoja na hati ya shamba. Mpaka 2007 ilikuwa lazima uje nayo. Tangu uchaguzi wa 2013, wa kwanza tulioandikishwa sote kwa alama za vidole, haina kazi kituoni. Msiwacheke, na msiwaache waende nayo peke yake.

HATUA YA 2: Hakikisha kituo

Mombasa ina maeneo bunge sita: Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu. Ukiandikishwa Likoni ukahamia Bamburi, kura yako iko Likoni hadi uihamishe. Kuhamisha kunafanyika ofisi ya Tume ya eneo unalohamia, na hufungwa uchaguzi ukikaribia, kwa hivyo usingoje mabango yapande. Mwaka 2022 tulihakikisha majina kwa tovuti ya Tume na kwa ujumbe mfupi kwenda 70000, namba ya kitambulisho na mwaka wa kuzaliwa. Fuateni tangazo la Tume safari hii, wala msimtumie namba zenu kila anayeanzisha kikundi cha WhatsApp na kuweka nembo ya serikali.

Shule moja yaweza kuwa na vituo vinne au vitano ndani yake, kwa sababu kituo kimoja hakizidi wapigakura 700. Huwa wamegawa kwa herufi za majina. Hapo ndipo akina Mohamed na Mwanaisha wanapoteza asubuhi nzima: wanapanga foleni ndefu kuliko zote kumbe yao ni darasa la pili lenye watu kumi. Soma karatasi iliyobandikwa mlangoni kwanza.

HATUA YA 3: Kirudishe mkononi mwako

Hii ndiyo hatua yangu. Chukua dakika moja sasa hivi, kabla hujaendelea kusoma, nenda ukakitazame. Ukiwa huwezi kusema kiko wapi, basi kiko kwa mtu.

Kwa bawabu, kama mimi. Kwa mwenye duka aliyekukopesha unga na mafuta, akakiweka rehani ndani ya kopo la peremende. Kwa mwenye pikipiki unayoiendesha. Kwa mkopeshaji. Kwa mwajiri, na hili wasichana wa kazi za nyumbani wanalijua. Na kwa yule kijana wa kampeni anayepita mtaani na daftari akisema "leteni vitambulisho tuwaandikishe kwa msaada", kisha msaada hauonekani wala kadi. Huyo anajua hasa anachofanya. Asiyetarajia kura yako anaweza kuridhika nayo ikikaa kwenye kabati lake hadi jioni ya uchaguzi. Mkijua hilo mtaona kwamba shilingi mia tano unayopewa ukiacha kitambulisho ni bei ya kura kamili. Hongo ya kura ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016, kwa anayetoa na anayepokea pia, kwa hivyo usijidanganye kwamba wewe umekula tu.

Kilichopotea, kitolee taarifa polisi, upate abstrakti, kisha uombe kingine Huduma Centre au kwa msajili wa watu. Kadi mpya huja na namba yako ile ile, hata ukipewa Maisha Card badala ya ile ya zamani, na daftari la kura linakujua kwa namba. Huna haja ya kujiandikisha upya. Kujiandikisha mara mbili ni kosa lingine. Na ukishaomba, nenda ukachukue! Kadi zinalala kwa machifu mpaka zinaota vumbi, na wenyewe wako barazani wanalalamika serikali haiwapi.

Hapo niseme jambo moja la pembeni. Majirani zetu Wamakonde walitembea kwa miguu kutoka Kwale kuelekea Nairobi mwezi wa Oktoba 2016 kudai kadi hii hii, wakakubaliwa kuwa raia. Wapemba wa pwani wamekubaliwa juzijuzi tu, 2023. Ukiwa na jirani Mpemba mwenye umri wa mama yako, muulize alivyoishi bila kadi, kisha urudi uniambie kama utaiacha tena kwa mwenye duka.

HATUA YA 4: Siku yenyewe

Vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni. Aliyekuwa kwenye foleni saa hiyo hupiga kura hata giza likiingia. Wa Likoni wanaopigia kisiwani, hesabuni na feri.

Mezani, karani anachukua kadi yako, anaisoma kwa KIEMS, ile mashine ya kutambua wapigakura, au anaandika namba. Unaweka kidole. Kikilingana, uso wako unatokea kwenye kioo, picha ile uliyopigwa siku ya kujiandikisha, na jina na kituo. Karani anakutazama, anatazama kioo, anatazama kadi, kisha analisoma jina lako kwa sauti ili mawakala wa wagombea walisikie. Ukisikia jina silo, sema hapo hapo. Baada ya hapo ni karatasi sita, za rangi mbalimbali, kila moja na sanduku lenye mfuniko wa rangi yake, na wino kidoleni.

Sita kwa kawaida. 2022 sisi wa Mombasa tulipewa tano tarehe 9 Agosti, kwa sababu karatasi za ugavana zilichapishwa na picha zisizo zenyewe, pamoja na za Kakamega. Tukarudi tarehe 29 Agosti kwa ya gavana peke yake, na kadi zile zile. Kwa hivyo picha yako ikikaguliwa usinune. Safari ile walioshindwa kupita kwa picha ni wagombea.

MASWALI YA WANACHAMA

Dada wa Kisauni: Mwalimu, mie navaa nikabu. Nitalazimishwa kufunua uso mbele ya wanaume wote wale?

Dadangu, kadi yako ina uso wazi, na karani ana haki ya kuhakikisha ni wewe. Ila foleni nzima haina haki hiyo. Ukifika mezani mwambie msimamizi kwa upole kwamba unaomba karani mwanamke, mgeukie ukutani au nyuma ya kibanda, sekunde tano zimekwisha. Sema mapema, kabla kidole hakijawekwa. Mama yangu hufanya hivyo kila mara, na hurudi akisifu makarani kuliko wanavyostahili.

Kijana wa Jomvu: Mimi ni mbeba mizigo bandarini. Vidole vyangu vimelika, hata simu haivisomi. Itakuwaje?

Usiogope. Watajaribu kidole kingine, maana ulipojiandikisha walichukua zaidi ya kimoja. Vikikataa vyote, wanakutafuta kwa namba ya kitambulisho, picha yako inatokea, na inajazwa Fomu 32A, ile ya mpigakura ambaye vidole vimekataa, mbele ya mawakala. Usiondoke kabla haijajazwa. Watu wa kazi ngumu wengi huambiwa "mashine imekukataa", wakaenda zao kimya. Mashine haina mamlaka ya kukunyima kura ikiwa jina lako limo na kadi unayo. Futa jasho tu kabla, na kama una tope la makaa, nawa.

Bi harusi mtarajiwa, Majengo: Nina hina mpaka kwenye ncha za vidole!

Mashallah. Hina hutia rangi tu, mistari ya kidole inabaki. Piko nene lililoganda ndilo husumbua. Mwambie mpambaji aache ncha za vidole viwili vitatu. Na ikikataa, soma jibu la kijana wa Jomvu.

Baba wa Changamwe: Nilijiandikisha kwa pasipoti, ikaisha, nimepewa mpya yenye namba nyingine. Niende na ipi?

Swali zuri, na wengi halijawapitia akilini. Namba ya pasipoti hubadilika kila unapoifanya upya, na daftari linaijua ile ya zamani. Nenda ofisi ya Tume ya eneo lako sasa, na zote mbili, wakurekebishie. Ushauri wangu kwa wote: jiandikisheni kwa kitambulisho, namba yake mtazikwa nayo.

Mama Salma, Tononoka: Kadi inasema Fatma, cheti cha ndoa Fatuma, na bwana huandika Fatima.

Kituoni watatazama namba, uso na kidole. Herufi moja haitakurudisha. Bwana aandike atakavyo.

Mjukuu wa Mzee wa Makadara: Babu haoni vizuri, nataka kumsaidia kuweka alama. Mimi nina miaka 17.

Hapana mwanangu, msaidizi lazima awe amefika miaka 18. Tafuteni mtu mwingine ambaye babu mwenyewe anamchagua. Si lazima awe ameandikishwa kituo hicho. Atajaza fomu ya kuapa kutunza siri, na hawezi kumsaidia mtu wa pili siku hiyo. Babu akienda peke yake, msimamizi atamsaidia mbele ya mawakala, lakini hapo siri yake imesikiwa na chumba kizima. Kitambulisho kinachotakiwa kwanza ni cha babu.

Mwanachama wa Nyali: Dada yangu yuko Dubai, kituo chake ni Mvita. Anaweza kupigia huko na pasipoti?

Kituo chake kikiwa Mvita, ni Mvita. Angeandikishwa huko huko aliko, ingekuwa sawa: 2022 Falme za Kiarabu na Qatar zilikuwa kati ya nchi 12 zilizopigiwa kura nje. Lakini wa nje humchagua rais tu. Saudia haikuwemo, na najua wangapi wetu wako huko.

Kijana wa Bondeni: Kadi yangu imekatika pembeni, nimeiunga kwa gundi. Uso na namba vinaonekana.

Pengine utapita, pengine utakutana na msimamizi aliyeamka vibaya. Una muda wote huu, kwa nini ucheze kamari? Omba nyingine.

Dada wa Kisauni tena: Samahani Mwalimu, na kile kitambulisho chako, yule bawabu alikirudisha?

Alinirudishia Alhamisi. Kilikuwa kwenye droo ile ile, kimebanwa kwa mpira pamoja na vingine. Nilivihesabu wakati anatafuta changu. Vilikuwa kumi na kimoja.