Kabla Hujalipa Kodi ya Miezi Sita Kigoma

Kigoma-Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, ni mji wa mteremko. Kutoka stesheni ya reli unapanda hadi Mwanga, kisha unashuka taratibu kuelekea Ujiji, na karibu kila swali la kupanga nyumba linarudi kwenye mteremko huo: nyumba iko juu au chini? Chini, maji yanakufuata usipoyataka. Juu, unayafuata unapoyataka. Dalali hatakuambia hilo. Atakutajia kodi ya mwezi, atasema mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mpigo, na kwamba kuna mtu mwingine anakuja kuiona jioni.

Mwache huyo mwingine aje. Wewe chukua karatasi uandike mistari minne: kodi, maji, usafiri, umeme. Tuseme nyumba ya kwanza iko juu, kodi 60,000, haina bomba. Familia ya watu wanne inatumia walau dumu nane za lita 20 kwa siku, sawa na lita 40 kwa kila mtu; kukiwa na mtoto wa nepi, ongeza mbili. Dumu likiuzwa 200, dumu nane ni 1,600 kwa siku, yaani 48,000 kwa mwezi. Bodaboda ya 1,000 kwenda na 1,000 kurudi kwa siku 26 za kazi ni 52,000. Nyumba ya 60,000 imeshakuwa ya 160,000, umeme bado. Nyumba ya pili kodi yake ni 100,000, bomba liko uani, bili ya maji haizidi 15,000, na kazini unakwenda kwa miguu: jumla 115,000, umeme bado. Bei za mtaa unaoulenga zitakuwa tofauti na hizi, lakini hesabu ndiyo hiyo, na ifanywe kabla ya kuangalia rangi ya ukuta. Kati ya nyumba yenye maji na nyumba yenye vigae, chukua yenye maji.

Bomba lipo, maji je?

Kuwepo kwa bomba na kutoka kwa maji ni mambo mawili. Usifungue koki na kuridhika, maana huenda umefika siku ya mgao. Tazama veranda za majirani. Ukikuta madumu yamepangwa foleni, pipa na simtanki kila nyumba, ujue mtaa huo unakaa siku kadhaa bila maji. Waulize akina mama wa uani, maana wao ndio wenye ratiba kamili: maji yanatoka siku zipi, saa ngapi, na presha inatosha kupandisha kwenye tanki au yanachuruzika tu. Maji yanayotoka saa tisa usiku yana mtu wa kuyaamkia, na katika nyumba yenye kichanga mtu huyo huwa ni mama aliyekwisha amka mara tatu.

Omba kuona bili ya mwisho ya KUWASA, mamlaka ya maji ya mji. Uliza mita inatumiwa na kaya ngapi, na tazama kama mpangaji aliyetoka ameacha deni. Deni lisipolipwa huduma hukatwa, na atakayekaa bila maji ni wewe, si yeye. Pipa la lita 200 linaitosha familia ya watu wanne siku moja na kidogo. Tanki la lita 500, siku tatu. Mgao ukiwa wa siku tano, hesabu bei ya tanki kubwa zaidi kama sehemu ya gharama ya kuhamia.

Kama maji ni ya kisima kifupi, pima kwa hatua umbali kati ya kisima na shimo la choo, la kwenu na la jirani. Usipungue mita 30, na choo kisiwe upande wa juu wa mteremko. Hata umbali ukitosha, ya kunywa chemsha. Maji ya ziwani nayo yanapendeza kwa macho, lakini kipindupindu si kigeni kwenye mwambao huu, na konokono wanaobeba kichocho wapo karibu na fukwe ambako watoto wanaoga na mama wanafua. Ukikaa hatua mia mbili kutoka ziwani, hutamzuia mtoto wa miaka sita kuingia majini. Utakuwa umekubali hatari hiyo pamoja na ya kuzama.

Ziwa linasogea

Makumbusho ya Livingstone pale Ujiji yako mahali ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Wakati huo maji yalikuwa karibu. Leo kutoka hapo hadi ufukweni ni mwendo. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, mto Lukuga ulioko upande wa Kongo. Mlango ulipoziba, maji yalipanda mpaka mwishoni mwa miaka ya 1870, ulipofunguka yakashuka karibu mita kumi ndani ya miaka isiyofika ishirini. Katika miaka ya karibuni yamepanda tena, na mwaka 2021 na 2024 yaliingia kwenye makazi na mialo ya mwambao. Anayekuambia "ziwa halijawahi kufika hapa" anasema kuhusu miaka aliyoishi yeye.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto zisiguswe na shughuli za kudumu za watu. Nyumba iliyo ndani ya mita hizo ina hatari mbili, maji na bomoabomoa, na mpangaji halipwi fidia ya nyumba. Kwa hiyo Kibirizi, Katonga na ufukwe wa Ujiji panafaa kwa mtu ambaye riziki yake iko ziwani na lazima awe karibu na mtumbwi. Hata yeye atafute nyumba ya upande wa juu wa barabara, ambako moshi, inzi na harufu ya dagaa wanaoanikwa vinafika kidogo.

Maji ya kuogopa hayatoki ziwani tu. Bonde la Katubuka liko mbali na ufukwe, lakini mvua zikizidi maji hujikusanya pale, yanakosa pa kutokea na kuzingira nyumba. Kinachopotosha wengi ni majira. Mvua za Kigoma huanza Oktoba au Novemba na kuisha Aprili au Mei, na ziwa hufika juu zaidi mvua zinapokaribia kuisha. Anayekagua nyumba mwezi Agosti anaona uwanja mkavu, mchicha umestawi kando, na anasifu rutuba. Rutuba hiyo imeletwa na maji.

Kama huwezi kusubiri Machi, tazama ukuta. Chuchumaa kwenye kona ya chumba, usogeze kitanda au kabati kama mpangaji wa zamani bado yupo. Ukuta uliolowa una mstari: chini yake rangi imevimba na kubanduka, plasta inatoa ungaunga mweupe kama chumvi, na ukiikwaruza kwa ufunguo inamwagika. Pima mstari huo kutoka sakafuni. Ukifika gotini, huenda maji yalifika gotini. Rangi mpya iliyopakwa kuanzia sakafuni hadi nusu ya ukuta tu ni jibu tosha. Nje, angalia mlango wa choo: kama sakafu ya choo iko chini ya uwanja, siku ya mafuriko shimo litatapika, na hapo ndipo kuhara kunapoanzia.

Juu mlimani tatizo ni korongo. Udongo wa miteremko yetu unachukuliwa haraka, hasa miti ikishakatwa. Zunguka nyuma ya nyumba uone msingi. Ukikuta mawe ya chini yako wazi, au kuna viroba vya mchanga vimepangwa pembeni, mvua imeshaanza kazi. Uliza maji ya jirani wa juu yanapita wapi. Mfereji ukielekezwa uani kwenu, kila mvua itakuwa ugomvi.

Usiku

Mtaa unakaguliwa mara mbili: saa nne asubuhi na saa mbili usiku, na mara ya pili ushuke kwenye bodaboda mapema utembee. Hesabu taa zinazowaka kati ya barabara na mlango. Sikiliza kama kuna baa au kibanda cha pombe, na kelele zinaisha saa ngapi.

Mji huu una sababu yake ya kuangalia milango. Miaka michache kabla ya 2020 ulitikiswa na uhalifu uliopewa jina la teleza, ambapo wanaume waliojipaka mafuta mwilini wasishikike waliingia usiku kwenye nyumba za wanawake na kuwafanyia ukatili. Walitafuta mahali penye mlango dhaifu na mwanamke aliyelala peke yake. Kwa familia ambayo baba analala ziwani au yuko safarini, hilo si jambo la kupuuzia. Mlango wa nje uwe wa mbao ngumu au chuma, si wa playwood. Komeo mbili kwa ndani, moja juu moja chini, zilizofungwa kwa boliti zinazotoboa hadi upande wa pili badala ya misumari. Madirisha yawe na nondo, na wavu wa mbu, maana Kigoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini. Kisha inua kichwa. Katika nyumba nyingi za vyumba vya kupanga, ukuta kati ya chumba na chumba hauendi hadi kwenye bati. Unaishia kwenye dari, na dari ni moja nyumba nzima. Gonga ubao wa dari karibu na ukuta. Ukiinuka kwa mkono, mtu wa chumba cha tatu anaweza kushukia kitandani kwako bila kugusa komeo hata moja.

Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa kabla ya kulipa, si baada. Utamhitaji hata hivyo kwa barua ya utambulisho, na njoo na ya mtaa unaotoka pamoja na kitambulisho cha taifa (NIDA), maana mkoa huu ni wa mpakani na kuulizwa ni kawaida. Muulize doria ya ulinzi shirikishi ipo au ilikufa, na kaya inachangia kiasi gani. Uliza pia nyumba ni ya nani hasa. Ujiji ni mji mkongwe na nyumba za urithi ni nyingi. Kaka mmoja anapokea kodi ya miezi sita, mwezi wa pili dada yake anafika kutoka Dar na kufuli lake. Kwa nyumba ya namna hiyo, anayesaini awe msimamizi wa mirathi.

Angalia na ukuta wa nje kama una alama ya X, ya nyumba inayotakiwa kubomolewa. Barabara kuu ina hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati, na reli nayo ina eneo lake. Ujenzi wa reli ya kisasa ya Tabora hadi Kigoma umeongeza sababu ya kuuliza.

Zahanati na shule hazihitaji maneno mengi. Mtoto mchanga ana chanjo wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha miezi 9 na 18, na katikati anapimwa uzito kila mwezi, kwa hiyo kliniki iwe mahali ambapo mama anafika kwa miguu na mtoto mgongoni. Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa, ni ya dharura na rufaa. Jua tu bodaboda au bajaji gani hupatikana mtaani saa nane usiku. Kwa shule, tembea njia ya mtoto mwenyewe na uhesabu mara anazovuka lami.

Mita na tarehe

Kuchangia mita ya LUKU, yaani ya umeme wa kulipia kabla, kunaumiza kuliko watu wanavyodhani. Mita iliyo kwenye daraja D1, la watumiaji wadogo, inalipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, kabla ya kodi na tozo. Kaya tatu za uniti 40 kila moja zikichangia mita zinafika 120, na mita inayotumia hivyo huwekwa T1, daraja la kawaida, shilingi 292 kwa uniti. Uniti 40 zako zinatoka 4,000 hadi 11,680, na hujaongeza hata balbu. Kwenye LUKU hiyohiyo hukatwa kodi ya jengo, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida tangu Julai 2023. Hiyo ni ya mwenye nyumba. Iandikwe kwenye mkataba kwamba 18,000 za mwaka zitapunguzwa kwenye kodi ya pango.

Kwa anayeishi kwa mgebuka na dagaa, tarehe ya kodi ni muhimu sawa na kiasi chake. Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulifungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Ziwa likifungwa tena hivyo nawe umelipa miezi sita mwezi Januari, kodi inaisha Juni, ziwa limefungwa na mfuko mtupu. Lipa minne au minane uanzapo, ili mzunguko uangukie Mei mwanzoni au Septemba. Wenye nyumba wengi wa hapa wanaielewa hoja hiyo ukiwaeleza mapema.

Pesa ipite benki au kwenye simu, jina la mpokeaji lilingane na la kwenye mkataba. Siku ya kukabidhiwa ufunguo, badilisha kitasa, kisha piga picha mita ya maji, namba zisomeke, mbele ya aliyekukabidhi.