Kupima kibodi na bodi ya laptopu ndogo ya kazi kabla ya kuilipia

Kwenye laptopu ya kazi ya inchi 12 hadi 14, yenye uzito wa kilo moja na kitu, huwezi kuipima kibodi ukaiacha bodi, yaani gamba la nje la mashine. Vitufe vimekaa juu ya bamba jembamba la chuma, na bamba hilo limeshikizwa kwenye bodi kwa skrubu au kwa vishikizo vidogo vya plastiki iliyoyeyushwa. Bodi ikiwa legelege, kila herufi unayoandika itakuwa legelege. Ndiyo maana mashine mbili zenye vipimo sawa vya kibodi kwenye karatasi ya kiwandani zinaweza kupishana kabisa mkononi.

Tenga nusu saa na meza ngumu isiyo na kitambaa, maana kitambaa humeza sauti na kuficha kuyumba. Kabla ya kugusa kitufe chochote, funga laptopu, iweke mezani, kisha bonyeza pembe zake nne moja baada ya nyingine. Ikicheza kama kiti chenye mguu mfupi, kuna jambo: mguu wa mpira umebanduka, bodi imepinda baada ya kuanguka, au betri imevimba. La betri ndilo zito. Fungua na utazame tachipadi na safu ya chini ya vitufe: vikiwa vimeinuka katikati, au tachipadi haibonyezeki tena, betri inasukuma kutoka chini. Acha kupima, zima mashine, usiichaji.

Ikiwa imetulia, andika. Sentensi mbili hazitoshi. Andika kwa dakika kumi kitu unachoandika kila siku, bila kurudi nyuma kusahihisha. Dakika za mwanzo vidole vinashangaa tu ugeni. Ukimaliza, soma makosa, kwa sababu kila aina ya kosa ina chanzo chake. Herufi zinazokosekana zina maana kwamba vitufe ni vigumu kwako, au havisomi vinapoguswa pembeni. Herufi zinazojirudia bila wewe kutaka ni dalili ya kitufe kilichochoka au chenye uchafu. Ukikuta herufi ya jirani imeingia mahali pa uliyoikusudia, nafasi kati ya vitufe ni finyu kwa mikono yako.

Nafasi hiyo inapimika kwa rula. Pima kutoka ukingo wa kushoto wa A hadi ukingo wa kushoto wa L. Hapo kuna hatua nane, na kwa kibodi ya ukubwa kamili, yenye milimita 19 kutoka kitufe hadi kitufe, utapata milimita 152. Ukipata 144, kila hatua ni milimita 18, na mwenye vidole vinene ataisikia tofauti hiyo siku nzima. Kisha tazama pembeni, kwa kuwa watengenezaji wa mashine ndogo huiba nafasi huko. Anayeandika Kiswahili aangalie hasa kitufe cha alama ya ng', kilicho karibu na Enter: kwenye baadhi ya laptopu ndogo kimebanwa hadi kuwa chembamba kuliko herufi, na ukiandika “ng'ombe” na “ng'ambo” kutwa nzima utakikosa mara nyingi. Tazama pia kama kitufe cha kuwashia kimewekwa jirani na Delete au Backspace.

Sasa kubonyea kwenyewe. Karatasi za mauzo hutaja kina: laptopu nyingi ndogo za kazi leo ziko kati ya milimita 1.2 na 1.5, na za zamani zilifika 1.8 au zaidi. Kina kina maana, lakini hakikuambii kitufe kinavyojibu vidole. Chini ya kila kitufe kuna mkasi wa plastiki unaokiinua sawasawa, na kikombe cha mpira kinachokataa kidogo kisha kuporomoka ghafla. Kuporomoka huko ndiko vidole vinakokungoja. Fungua ukurasa mtupu, weka kidole juu ya J, ukishushe polepole kwa muda wa sekunde tatu hivi huku macho yako yakiwa kwenye skrini. Kwenye kibodi nzuri, herufi hutokea pale pale mpira unapoporomoka. Mpira ukiporomoka na herufi isitokee mpaka ugonge sakafu, kibodi hiyo itakulazimisha kupiga kwa nguvu kila herufi, na jioni vidole vitauma. Herufi ikitokea kabla ya mpira kuporomoka, kugusa kwa bahati mbaya kutaandika. Rudia jaribio hilo kwa F, A, P na kitufe cha nafasi, maana kibodi mbovu hutofautiana na nafsi yake.

Kina kidogo kina hatari nyingine: hakiachi pa kukaa vumbi, kwa hiyo punje ndogo hukwamisha kitufe. Apple walitumia vitufe vyenye mtindo wa kipepeo, vyenye mwendo mfupi sana, kuanzia mwaka 2015. Mwaka 2018 wakafungua mpango wa kuvitengeneza bure kwa wateja ambao vitufe vyao vilikwama au kujirudia, na mwishoni mwa 2019 wakaanza kurudi kwenye mkasi.

Baada ya hapo bonyeza pembe za vitufe vipana: nafasi, Enter, Shift, Backspace. Chini yake kuna waya mwembamba unaovifanya vishuke kwa usawa. Upande mmoja ukizama huku mwingine umebaki juu, au ukisikia mlio wa waya, kishikizo kimechomoka au kimepinda.

Kwa mashine iliyotumika, linganisha A na Q. Kwa Kiswahili A haipumziki na Q haina kazi, na hata katika lugha nyingine nyingi Q huguswa mara chache, kwa hiyo inakuonyesha kibodi hiyo ilivyokuwa ilipotoka kiwandani. Kama A imelegea na kung'aa kama sakafu iliyopigwa nta huku Q bado ina ukavu wake, hapo unaona umri halisi, hata kama bodi imesafishwa ikapendeza. Kung'aa peke yake si ubovu. Kulegea ndiko kwa kuogopa.

Kudidimia hupimwa kwa macho. Inama hadi macho yawe usawa wa kibodi, kisha andika kwa nguvu yako ya kawaida ukitazama mwanga wa taa unavyoakisi kwenye vitufe. Mwanga ukicheza kama juu ya maji, bamba linadidimia. Mara nyingi ni karibu na G, H na B, mbali na skrubu za pembeni. Ukikandamiza kwa dole gumba, kuzama kidogo kusikusumbue. Kuzama kwa uandishi wa kawaida ndiko kubaya. Kwenye laptopu iliyowahi kufunguliwa, sababu mara nyingi ni rahisi: fundi hakurudisha skrubu ya katikati. Kinyume chake pia hutokea. Skrubu ndefu ikiingia kwenye tundu la fupi, husukuma kutoka chini na kuacha uvimbe kwenye bodi au kitufe kisichoshuka.

Kwa bodi nzima, fungua mashine na uinue kwa kushika pembe moja ya mbele. Isilie, na tachipadi isijibonyeze yenyewe. Usiikamue kwa mikono miwili kama nguo mbichi, kama wafanyavyo baadhi ya watu wanaojaribu uimara: viungio vya solda chini ya chipu hupata nyufa usizoziona siku hiyo.

Bawaba hudanganya wengi. Ugumu wake watu huudhania uimara, kumbe bawaba ngumu kwenye plastiki dhaifu ndiyo inayong'oa nati za shaba zilizozamishwa humo. Fungua skrini polepole ukitazama kona za chini karibu na bawaba. Ufa ukipanuka kadiri unavyofungua, nati zimeanza kung'oka. Skrini nzuri hukaa popote unapoiacha, na ukigonga meza hutulia upesi.

Usihukumu malighafi kwa ubaridi wa mguso. Aloi (mchanganyiko wa metali) ya magnesi ikipakwa rangi huonekana na kuguswa kama plastiki, ilhali ni ngumu, na magnesi ni nyepesi kuliko alumini. Alumini ikigongwa hubaki na kibonyeo. Uliza pia jina la kifahari linahusu sehemu gani, kwa kuwa “nyuzi za kaboni” mara nyingi ni za kifuniko tu.

Ukiona MIL-STD-810H, hicho ni kiwango cha jeshi la Marekani cha 2019 cha kupima uimara wa vifaa. Mtengenezaji huchagua majaribio ya kufanya, na hakuna chombo cha jeshi kinachotoa cheti kwa laptopu. Uliza yalikuwa majaribio gani. Matundu ya kutolea maji chini ya kibodi nayo yanakupa muda wa kuzima mashine tu. Chai ya sukari bado itaua vitufe.

La mwisho ni kufungulika. Lenovo, Dell na HP huchapisha miongozo ya matengenezo ya laptopu nyingi za kazi, bure. Tafuta ule wa toleo lako na usome hatua za kutoa kibodi. Zikiwa skrubu mbili tatu na mkanda mmoja wa nyaya, kibodi iliyochoka hubadilishwa kwa muda mfupi. Zikianza kwa kutoa betri, feni na mazabodi (bamba kuu la umeme la ndani), au kama kibodi inauzwa pamoja na sehemu yote ya juu ya bodi, hesabu gharama hiyo ndani ya bei, na kwa mashine iliyotumika usikubali kitufe hata kimoja kinachosuasua.