Kusakinisha 7-Zip na Kuitunza, Hadi Uwe na Uhakika Bunda Litafunguka

Miaka kadhaa iliyopita nilibana folda ya nyaraka zilizoskaniwa, karibu GB 3, nikapata faili moja la 7z. Nililihamishia kwenye diski ya nje na siku ileile nikafuta nakala za awali. Nilipolihitaji baadaye, lilifunguka hadi karibu na katikati kisha likagoma kwa kosa la CRC (namba ya kuhakiki inayoonyesha kama data imebadilika). Sehemu ndogo ya diski ilikuwa imeharibika, lakini kwa jinsi nilivyolifungasha, karibu kila kilichofuata baada ya sehemu hiyo kilipotea nayo. Programu haikuwa na kosa. Mimi ndiye niliyefuta kabla ya kupima.

Tangu siku hiyo, kwangu kubana mafaili ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuhakikisha kwamba yatafunguka, na kwamba programu yenyewe haitakuwa mlango wa kuingilia wavamizi. Mwongozo huu unafuata mpangilio ninaoutumia kwenye kila kompyuta ninayoishughulikia. Faili lililofungashwa nitaliita bunda, ili tusilichanganye na mafaili yaliyomo ndani yake.

Programu yenyewe ni 7-Zip, iliyoandikwa na Igor Pavlov na kutolewa mara ya kwanza mwaka 1999. Ni programu huria: sehemu kubwa ya msimbo wake iko chini ya leseni ya GNU LGPL, na unaweza kuitumia kazini bila kulipa wala kujisajili. Inatengeneza mabunda ya 7z, zip, tar, gzip, bzip2, xz na wim. Mabunda ya RAR inayafungua tu, haiyatengenezi, kwa sababu leseni ya msimbo wa kufungulia RAR inakataza kuutumia kuunda kibanio cha RAR.

Hatua ya 1: Pakua kutoka mahali sahihi

Anwani rasmi ni 7-zip.org, yenye kistari baada ya tarakimu 7. Andika mwenyewe kwenye kivinjari. Usibofye matokeo ya kwanza ya utafutaji bila kuyasoma, maana tovuti zenye majina yanayofanana na hili zipo, na tangazo la kulipiwa linaweza kukaa juu ya tovuti halisi. Matoleo yaleyale yanawekwa pia GitHub, kwenye akaunti ya ip7z.

Kisakinishi cha 7-Zip cha Windows hakina sahihi ya kidijitali. Ukikifungua, Windows itakuambia kwamba mchapishaji hajulikani, na itasema hivyohivyo kwa kisakinishi halisi na kwa cha bandia. Kwa hiyo kazi ya kuhakiki iko mikononi mwako. Fungua dirisha la amri kwenye folda ulikopakulia, uandike:

`certutil -hashfile 7z2501-x64.exe SHA256`

Jina la faili libadilishe kulingana na toleo ulilopakua. Mfuatano wa herufi na tarakimu utakaoonekana ulinganishe na ule ulioonyeshwa kando ya faili hilo kwenye ukurasa wa matoleo wa GitHub. Herufi moja ikitofautiana, futa faili na uanze upya.

Njia ninayoipendelea zaidi ni winget, chombo cha Windows cha kusakinisha programu kwa amri, ambacho tayari kimo kwenye Windows 11 na kwenye Windows 10 nyingi:

`winget install --id 7zip.7zip`

Winget hulinganisha hashi (mfuatano kama ule wa SHA256) yenyewe kabla ya kusakinisha, na baadaye itakurahisishia kusasisha. Kama unasakinisha kwa mkono, chagua x64 kwa kompyuta nyingi za kawaida, au ARM64 kama prosesa yako ni ya aina hiyo.

Hatua ya 2: Kwenye Linux na macOS

Kwa miaka mingi watumiaji wa Linux walitegemea p7zip, mradi uliotoholewa kutoka 7-Zip, ambao toleo lake la 16.02 lilitoka mwaka 2016 kisha maendeleo yakasimama. Mwaka 2021 Pavlov mwenyewe alianza kutoa 7-Zip ya Linux. Mwongozo wowote unaokuambia usakinishe p7zip-full uliandikwa kwa hali ile ya zamani. Kwenye Debian au Ubuntu ya sasa andika:

`sudo apt install 7zip`

Kwenye macOS yenye Homebrew (chombo cha kusakinisha programu kwa amri):

`brew install sevenzip`

Amri yenyewe ni `7zz`. Kwenye baadhi ya mifumo `7z` nayo inafanya kazi, na kwenye Windows ni `7z` iliyomo ndani ya folda ya C:\Program Files\7-Zip. Iandike peke yake bila kitu kingine, na mstari wa kwanza utakuonyesha namba ya toleo. Iandike namba hiyo mahali, utaihitaji kwenye Hatua ya 4.

Hatua ya 3: Mpangilio mmoja wa Windows usiouruka

Unapopakua faili kutoka intaneti, Windows huliwekea alama isiyoonekana inayosema lilikotoka. Alama hiyo ndiyo inayofanya upate onyo kabla ya kuendesha programu ngeni, na ndiyo inayofanya Word ifungue waraka kwa tahadhari. Shida ni kwamba 7-Zip, kwa mpangilio wake wa kawaida, haihamishii alama hiyo kwenye mafaili inayoyatoa ndani ya bunda. Bunda lina alama, yaliyomo hayana, na onyo halitokei.

Fungua 7-Zip File Manager, nenda Tools, kisha Options, kisha kichupo cha 7-Zip. Tafuta mstari ulioandikwa Propagate Zone.Id stream na uchague Yes. Kila mtu anayepokea mabunda kwa barua pepe anahitaji mpangilio huu, hasa wale wanaofungua ankara na wasifu wa waombaji kazi kutwa nzima.

Hatua ya 4: Sasisha, kwa sababu haitajisasisha yenyewe

7-Zip haina utaratibu wa kujisasisha. Haitakuletea taarifa kwamba toleo jipya limetoka. Ukisakinisha leo na kuisahau, miaka mitano ijayo utakuwa na toleo lilelile, likifungua mafaili yaliyoandaliwa na watu wanaoyajua vizuri mapengo yake.

Mapengo hayo ni ya kweli. Udhaifu uliopewa namba CVE-2025-0411 (CVE ni orodha ya umma ya mapengo ya usalama) uliruhusu kuikwepa ile alama ya intaneti niliyoieleza hapo juu, kwa kuweka bunda ndani ya bunda. Ulizibwa kwenye toleo la 24.09, na kabla ya hapo ulikuwa tayari umetumika kushambulia taasisi za Ukraine. Toleo la 25.00 la mwaka 2025 liliziba CVE-2025-11001, lililohusu viungo vya ishara (symlink, yaani vielekezi vya kwenda kwenye faili au folda nyingine) ndani ya zip vinavyoweza kupeleka faili nje ya folda uliyoichagua. Muda mfupi baadaye likaja 25.01 kuziba CVE-2025-55188, la jamii hiyohiyo ya viungo. Kwa hiyo mtu mwenye toleo lililo chini ya 25.01 ana sababu ya kusasisha leo, si mwisho wa mwezi.

Kwenye Windows:

`winget upgrade --id 7zip.7zip`

Kama una kompyuta nyingi, kisakinishi cha exe kinakubali `/S` (herufi kubwa) ili kifanye kazi kimyakimya bila kuuliza. Huna haja ya kuondoa toleo la zamani kwanza.

Kwenye Linux, masasisho huja na yale ya mfumo mzima, ila kuna jambo linalowachanganya wengi: Debian na wenzake hurudisha viraka vya usalama kwenye toleo la zamani bila kubadilisha namba kuu. Namba inaweza kuonekana ya kale huku pengo likiwa limezibwa. Soma orodha ya mabadiliko ya pakeji husika kabla ya kuhukumu.

Kuna mahali pengine pa kuangalia. Programu nyingine hubeba nakala yao ya 7z.dll au 7z.exe ndani ya folda zao, na nakala hizo hazisasishwi unaposasisha 7-Zip. Tafuta majina hayo kwenye diski nzima. Nimewahi kukuta nakala nne kwenye kompyuta moja, moja tu ikiwa mpya.

Na usidhani kwamba toleo jipya kabisa ni salama daima. Mwaka 2024, matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, chombo kingine huria cha kubana, yaligunduliwa kuwa na mlango wa siri uliopandikizwa kwa makusudi. Andres Freund aliunasa kwa sababu kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa ssh kulikuwa kumechelewa kwa takriban nusu sekunde. Mimi husoma ukurasa wa mabadiliko kwanza. Likiwa ni toleo la usalama nalisakinisha siku hiyo, likiwa ni la vipengele vipya nasubiri wiki mbili.

Hatua ya 5: Bana kwa kufikiria kilichomo

Amri ya msingi:

`7zz a nyaraka.7z nyaraka/`

Maandishi, majedwali na hifadhidata hupungua sana. Picha za JPEG, video na zip nyingine hazipungui, kwa kuwa tayari zimebanwa. Kwa hizo tumia `-mx=0`, ambayo hufungasha bila kubana, uokoe muda. `-mx=9` ni ubanaji wa juu kabisa na hula RAM nyingi. Kwa kazi za kila siku kiwango cha kawaida kinatosha.

Ukitaka kuacha mafaili ya muda, weka alama za kunukuu ili terminali isiitafsiri alama ya mshangao:

`7zz a nyaraka.7z nyaraka/ '-xr!*.tmp'`

Ukihamishia kwenye diski ya FAT32, kumbuka haipokei faili linalofika GB 4. Ongeza `-v2g` na bunda litakatwa vipande vya GB 2. Kipande kimoja kikipotea, data iliyokuwamo imepotea.

Sasa lile lililonigharimu nyaraka. Kwa kawaida 7z huunganisha mafaili mengi na kuyabana kama mkondo mmoja. Ndiyo siri mojawapo ya udogo wake, kwa sababu yanayofanana huandikwa mara moja tu. Lakini mkondo ukikatika katikati, yaliyo mbele yake hayasomeki. Kwa kitu nitakachokihifadhi miaka mingi naweka `-ms=off`, ili kila faili libanwe peke yake. Bunda linakuwa kubwa kidogo, na madhara yanabaki pale yalipotokea.

Kwa nywila:

`7zz a -p -mhe=on siri.7z nyaraka/`

Usiandike nywila yenyewe baada ya `-p`, kwa sababu itabaki kwenye historia ya amri. Ukiiacha wazi, programu itakuuliza. `-mhe=on` huficha hata majina ya mafaili. Bila hiyo, mtu ataona orodha yote ingawa hawezi kuyafungua. Usimbaji ni wa AES-256 na hakuna mlango wa nyuma: ukisahau nywila, hakuna wa kumwomba msaada. Kama mpokeaji anataka zip, ongeza `-mem=AES256`, kwani njia ya zamani ya kusimba zip ni dhaifu, na ujue kwamba zip haifichi majina.

Jambo la watumiaji wa Linux: 7z haihifadhi mmiliki wala kundi la faili. Kwa nakala rudufu ya mfumo, pitisha kwanza kwenye tar, chombo cha kufungasha kinachohifadhi taarifa hizo:

`tar cf - nyaraka | 7zz a -si nyaraka.tar.7z`

Hatua ya 6: Pima

`7zz t nyaraka.7z`

Amri hii hufungua kila kitu kwenye RAM bila kuandika chochote na kulinganisha CRC ya kila faili. Ifanye baada ya kunakili kwenye diski ya mwisho, kwa sababu kunakili nako kunaweza kuharibu.

Ukitumia skripti, soma msimbo wa kutokea (exit code), yaani namba ambayo programu huiacha inapomaliza. 0 ni salama, 2 ni kosa kubwa, 8 ni RAM kutotosha, na 255 ni mtu kusitisha. Wa kuogopa ni 1, ambao huitwa onyo tu: mara nyingi maana yake wakati wa kubana kuna mafaili yalikuwa yamefunguliwa na programu nyingine, hivyo hayakuingia. Bunda litapita kipimo vizuri kabisa, ila halina kila kitu. Skripti zangu huhesabu 1 kama kushindwa.

Kipimo hukuonyesha uharibifu, hakiurekebishi. Muundo wa 7z hauna data ya kujitengeneza, kwa hiyo naongeza data hiyo kwa programu nyingine, par2:

`par2 create -r10 nyaraka.7z.par2 nyaraka.7z`

Mafaili yatakayotokea huchukua takriban asilimia 10 ya ukubwa wa bunda, na `par2 repair nyaraka.7z.par2` huweza kurudisha uharibifu wa kiwango hicho. Yangekuwepo siku ile, nyaraka zangu zingekuwepo leo.

Hatua ya 7: Linganisha ndipo ufute

Swichi ya `-sdel` hufuta mafaili ya awali mara tu yanapomaliza kubanwa. Siitumii kamwe kwa kitu kisicho na nakala nyingine. Badala yake natoa bunda kwenye folda tupu (kumbuka hakuna nafasi baada ya `-o`):

`7zz x nyaraka.7z -ojaribio`

Kisha:

`diff -r nyaraka jaribio/nyaraka`

Ikimaliza bila kuandika chochote, yaliyomo kwenye folda zote mbili yanafanana, na hapo ndipo ninapofuta za awali. Tarehe ya kipimo naiandika kwenye faili la maandishi kando ya bunda, pamoja na toleo la 7-Zip lililotumika. Kila mwaka tarehe ile ikifika, diski inachomekwa na `7zz t` inaendeshwa tena.