Somo: Mfanye mwenzako arushe ngumi unayoitaka wewe

Wadogo zangu wa Lubumbashi, kuna jambo naliona kila Jumamosi pale tunapofanyia mazoezi ya ndondi, mtaa wa Kamalondo. Kijana anaegemea kamba za ulingo, anajifunika uso kwa glovu mbili, anapigwa weee, na mwenzake akishapumzika ndipo naye anarusha. Huko si kujilinda, ni kuchelewa. Bondia wa kujibu humwachia mpinzani upenyo mmoja tu. Anajua ngumi itapita wapi, na yake imeshakaa tayari.

Mfano tunao nyumbani. Bondia Sumbu Kalambay alizaliwa hapa hapa mwaka 1956, akajijengea jina Italia. Mei 1987 alimshinda Herol Graham jijini London, na Graham alisifika kwa kukwepa. Oktoba akamshinda Mmarekani Iran Barkley na kutwaa mkanda wa dunia wa chama cha ndondi cha WBA, uzito wa kati. Machi 1988 Mike McCallum akaonja kushindwa kwa mara ya kwanza, mbele ya huyo huyo mtoto wa Lubumbashi. Silaha zake zilikuwa mkono wa mbele na miguu.

Hatua ya 1: umbali. Mwenzako anyooshe mkono wa mbele mpaka mwisho. Glovu ikigusa pua yako, uko karibu mno. Ikibaki nafasi ya kiganja kimoja, hapo ndipo pako. Piga alama ya chaki mbele ya kidole gumba cha mguu. Dakika tatu nzima ushike umbali huo, yeye akisogea sogea, akirudi rudi, bila kurusha chochote. Vijana wanaichukia hatua hii, na mimi siiruki kamwe.

Hatua ya 2: kamba. Funga kamba kati ya nguzo mbili, kimo cha bega. Tembea nayo huku kichwa kikipita chini, kulia na kushoto. Yapinde magoti, usipinde kiuno, na macho yasiangalie chini. Ukimaliza, soma nyayo zako kwenye vumbi jekundu. Zikifuatana kwenye mstari mmoja kama za mtu anayekwenda sokoni, msukumo mdogo tu utakuangusha. Ziwe na upana wa mabega.

Hatua ya 3: jibu. Hapa tukae. Mwenzako arushe direkti, yaani ngumi iliyonyooka, ya kushoto peke yake, polepole. Peleka kichwa nje ya mkono wake, yaani kulia kwako. Uzito unashukia mguu wa kulia, na mkono wa kulia unakuwa manati iliyovutwa. Uachie upite juu ya mkono wake kabla haujarudi. Wengi hukwepa, wakasimama, ndipo wakapiga. Kufikia hapo glovu yake imesharudi kidevuni. Kukwepa na kujibu viwe pumzi moja. Ukishapiga, toka kwa pembeni, kwa sababu kroshe yake, ngumi ya kuzungusha, iko njiani.

Hatua ya 4: mtego. Rusha direkti mbili hafifu, rudi nusu hatua. Rudia. Safari ya tatu atakufuata, nawe unamngoja. Tarehe 8 Desemba 2012, raundi ya sita, Manny Pacquiao aliingia kwa kasi akakutana na mkono wa kulia wa Juan Manuel Márquez, akaanguka kifudifudi. Kasi yake mwenyewe iliizidishia uzito ngumi ile. Na lilikuwa pambano lao la nne: Márquez alishamsoma.

Maswali ya wanachama, kila mmoja na mtaa wake wa Lubumbashi

*Katuba: Yaya, Muhammad Ali alimshinda George Foreman Kinshasa mwaka 1974 kwa kuegemea kamba za ulingo. Mbona unatukataza?*

Mdogo wangu, watu wanakumbuka kamba, wanasahau raundi ya kwanza, pale Ali alipoanza na direkti za mkono wa kulia. Tena alikula ngumi nzito za mbavuni mpaka raundi ya nane. Usiige bei aliyolipa.

*Ruashi: Najilinda kwa bega la mbele kama bondia Floyd Mayweather, lakini mpinzani wa mkono wa kushoto ananipata kila mara.*

Bega hilo linazuia direkti ya kulia. Ya kushoto inatokea upande ulio wazi. Ukikutana naye, mguu wako wa mbele ukae nje ya wake, na direkti ya kulia ndiyo itangulie.

*Kampemba: Waamuzi hawampi pointi anayekwepa tu?*

Hawampi, na ni haki. Ulinzi unahesabiwa, ila ngumi safi ndizo zinazobeba raundi. Kila ukikwepa, acha alama.

*Mama mmoja, mtaa wetu wa Kenya: Mwanangu ana miaka 13. Akirudi mazoezini kichwa kinamuuma.*

Mama, asirudi ulingoni kesho. Mpeleke kwa daktari kwanza, na asipigane mpaka daktari aruhusu. Siku hiyo ikifika, mwambie kocha wake aanze upya na chaki na kamba, na asiruhusu mtu kumgusa kichwani. Akikataa, mlete kwetu.